Gunia ni Kilo Ngapi?

Nkt! Ngojeni kwanza nipulize chai, halafu niwaambie.

Tulikuwa kijiweni petu pa kila siku, pale unaposhuka kutoka Barabara ya Uganda kuelekea mto Sosiani. Baridi ya asubuhi ya Eldoret mnaijua, ile inayoingia kwenye mifupa bila kubisha hodi. Mama chai alikuwa ameshawasha jiko, mwenye boda amefunika pikipiki yake gunia kama mgonjwa, na mzee wetu wa mahindi ameshaanza kuilaani bei. Mimi natandaza viatu vyangu vya mitumba. Ndipo akaja kijana wetu wa kompyuta, tarakilishi kwapani, macho mekundu kama aliyetoka matangani.

Fundi wa simu akamuuliza, "Wewe, umelala kweli?"

Akajibu, "Nimekesha nikiwaandikia maejenti maelezo."

Nasi tukaelewa tunavyoelewa. Ejenti kwetu ni yule wa kibanda cha kijani, wa kuweka na kutoa pesa. Mzee wa mahindi akadakia hapo hapo: afadhali waandikiwe, maana jana mmoja amemwambia hana keshi na huku droo imejaa noti. Kijana akacheka hadi akakohoa. Si hao, mzee. Ni maejenti wa akili unde. Fundi wa simu akamkosoa, eti redioni alisikia akili mnemba. Mwenye boda akasema kwake zote ni akili bandia. Ubishi huo ukatula dakika kumi nzima, na hakuna aliyeuliza hao maejenti wanafanya nini. Hivyo ndivyo tulivyo.

Alipopata nafasi akatueleza, nami nawapitishia nilivyomwelewa. Ile mashine ya kujibu maswali, uliyoizoea kwenye simu, peke yake haina mikono. Inasema tu. Ili ifanye kazi, mwenye programu huikabidhi zana: hii ya kutazama bei, hii ya kuweka oda, hii ya kutuma ujumbe. Kampuni ya OpenAI ilifungua mlango huo kwa watengenezaji Juni 2023. Novemba 2024 Anthropic wakatoa utaratibu wao, Model Context Protocol, ili zana ikiandikwa mara moja itumike na mashine nyingi. Kila zana huja na vitu vitatu: jina, maelezo ya maneno, na nafasi za kujaza, kama fomu ya chifu.

Sikilizeni hapa, maana hapa ndipo niliposonya kwa mara ya kwanza. Mashine haioni zana imejengwaje ndani. Haiwezi kuifungua kifuniko kama fundi wa simu. Inasoma yale maneno basi, halafu inaamua: nitumie hii au ile, na pale nijaze nini. Maneno yakiwa mabovu, kazi ni mbovu, hata ndani kukiwa na dhahabu.

Huyu kijana alikuwa amepewa kazi na duka moja la pembejeo, agroveti, silitaji. Walitaka mkulima akituma ujumbe usiku, ejenti wa mashine ampokee, achukue oda, apange na gari la kupeleka mzigo. Machi, mvua zinanukia, kila mtu anataka mbolea. Kijana akaandika zana zake upesi upesi. Moja akaiita agiza_mbolea, na maelezo yake: "Huagiza mbolea." Ya pili akaiita agiza_mbolea_2. Maelezo? "Huagiza mbolea."

Nkt! Nkt! Hata mama chai, ambaye hana habari na kompyuta, aliacha kumimina.

Ndipo mkulima mmoja wa upande wa Moiben akaandika: nataka mbolea ya mahindi gunia tano, iletwe kesho saa tatu. Sentensi safi. Kila mmoja wetu hapa angemwelewa. Mashine ikatazama zana zake mbili, zote zinaagiza mbolea, ikachagua ya pili. Kumbe ya pili ilikuwa ya CAN, mbolea ya kukuzia, na mtu hajapanda hata mbegu moja! Alichohitaji ni DAP, ile ya kuweka shimoni, yenye naitrojeni asilimia 18 na fosfati asilimia 46, ya kuipa mizizi nguvu. CAN hungoja mahindi yafike magotini. Mtoto yeyote wa Uasin Gishu aliyewahi kutumwa dukani anazijua hizo mbili kama anavyowajua shangazi zake.

Kisha ikaja nafasi ya kujaza iliyoitwa "kiasi". Kiasi cha nini? Kijana alimaanisha kilo, lakini hakuandika. Mashine, kwa kuwa si jinga kabisa, ikatafuta kwenye ujuzi wake gunia la Kenya ni kilo ngapi. Ikakuta 90. Tano mara tisini, 450. Dukani programu ikagawa kwa mifuko ya mbolea, ambayo ni kilo 50 kila mmoja, ikapata mifuko 9.

Mzee wa mahindi akapiga goti lake. "Gunia la mahindi ndilo kilo 90! La mbolea ni 50!"

Ndiyo, mzee. Wewe unajua. Umebeba yote mawili mgongoni tangu ujana wako. Neno ni moja, mzigo ni mbalimbali, na sisi hatuoni ajabu kwa sababu anayesema gunia amesimama mbele yetu na tunajua amekuja kununua nini. Mimi mwenyewe nauza viatu vilivyoandikwa 8 na vilivyoandikwa 42, na ni mguu ule ule. Mteja mgeni hubaki ameduwaa, nami humcheka. Kumbe ni mimi wa kuchekwa.

Lakini la saa ndilo lililotuvunja mbavu. "Kesho saa tatu." Mashine ikaandika 03:00. Dereva wa pikapu akapata ujumbe rasmi, wenye nembo ya duka, kwamba apeleke mzigo 03:00, akawasha gari akaenda, maana kazi ni kazi. Saa tisa usiku! Mbwa wa boma lote wakaamka. Mwenye shamba akatoka na tochi na rungu. Mifuko tisa ya mbolea ya kukuzia kwenye shamba lisilopandwa, kabla jogoo hajawika.

Mwenye boda akasema, "Hiyo mashine ni pumbavu."

Na hapa ndugu zangu nikaona ajabu. Kijana, ambaye kwa kawaida hujitetea hata akimwaga chai, akasema hapana. Akasema, chukueni mtu mwerevu kutoka Norwe, asiyewahi kukanyaga hapa, mfungieni chumbani, mpeni karatasi yangu ile tu na ujumbe wa yule mkulima. Angefanya tofauti gani? Sisi ndio tunaohesabu saa kuanzia jua linapochomoza, sita mbele ya dunia au sita nyuma, mtajijua. Halafu tunachanganya: kwa Kiswahili tunasema saa tatu, kwa Kiingereza tunasema tisa, na simu mfukoni inaonyesha 09:00. Mswahili hupita humo kama panya kwenye ghala. Mgeni hugonga ukuta.

Tukanyamaza kidogo. Mama chai akamwongezea kikombe bila kumuuliza pesa, jambo ambalo sijawahi kutendewa mimi.

Ngoja niwaambie kwa nini hili liliniuma. Mji huu wenyewe ulianza kwa jina lisilojieleza. Wazee waliuita Sisibo, na wengine bado wanauita hivyo. Sisibo ni nini? Ni "sixty-four" iliyopita midomoni mwetu, kwa sababu posta ilifunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba nambari 64 la walowezi. Miaka miwili baadaye, 1912, serikali ya kikoloni ikatoa jina Eldoret, lililotokana na neno la Kimaasai la mto wa mawe, likaongezwa mkia wa "et" ili lisikike kama la Kinandi. Agosti 15, 2024 tukakabidhiwa hati ya kuwa jiji. Sasa mwambie mgeni "nenda 64". Anayejua, anafika. Asiyejua atafikiri unampa hesabu ya shule. Na huyo aliyeandika agiza_mbolea_2 amefanya kosa lile lile la 1910, ila hana udhuru wa wino na barua za mkokoteni.

Nawaona vijana wa kompyuta wanavyojisifu wakimaliza ile sehemu ngumu, kanuni na mahesabu, halafu maelezo wanayaandika wakiwa wamesimama, kama mtu anayeandika "chumvi" kwenye mkebe wa kahawa. Wanadhani maelezo ni pambo. Mimi nasema, na mtanisamehe, wengi hawajawahi kumweleza bibi yao kazi wanayofanya hadi akaelewa.

Fundi wa simu, ambaye amesomea kidogo haya mambo, alitoa mfano ulionikaa. Tazameni Lipa na M-Pesa, alisema. Kuna Paybill na kuna Till. Zote zinatoa pesa kwako ziende kwa mwenye biashara. Ukimuuliza mtu tofauti, atakwambia zote ni kulipa. Lakini Paybill hutaka nambari ya akaunti, Till haitaki. Ndiyo maana katika kila duka swali ni moja: "Ni Till ama Paybill?" Mtu akikosea, anasimama pale anabonyeza upya na foleni inasonya nyuma yake. Safaricom walipofungulia watengenezaji programu mlango wa M-Pesa, wakauita Daraja, nao tofauti hiyo imo ndani: ni aina mbili za muamala, zenye majina mawili, huwezi kuandika "lipa" ukategemea mbingu. Nambari ya simu nayo inatakiwa ianze na 254, siyo 07 kama tunavyotajiana hapa. Mama chai hajawahi maishani kumtajia mtu nambari yake kwa 254. Mashine isipoambiwa hilo kwa maandishi, itajaza 07 kama mama chai, na malipo yatagoma.

"Na ikishatuma kwa mtu asiye yeye?" akauliza mzee wa mahindi. Huyu mzee huuliza pole pole lakini hupiga pale pale.

Sisi kwenye M-Pesa tuna Hakikisha. Ukituma pesa, unaonyeshwa jina la mtu kabla hazijaondoka, upate sekunde za kujuta. Ukipitiliza, unatuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa nambari 456 ili pesa zirudishwe, na kuomba Mungu yule jamaa awe hajazitoa. Sasa zana nyingine hazina 456. Ukifuta, umefuta. Ukiagiza, gari limetoka. Kijana akakiri hakuandika popote kwamba oda ikishawekwa hairudi. Mashine ingelijuaje? Kwake kutazama bei na kuweka oda vilikuwa sawa, vibonyezo viwili vya rangi moja. Kama angeandika maneno matano tu, oda haifutiki, msomee mteja kwanza, yule mkulima wa Moiben angesomewa: mifuko 9 ya CAN, saa 03:00. Angepiga kelele hapo hapo, na mbwa wakalala.

Mwenye boda, ambaye dawa yake ya kila kitu ni kuzidisha, akasema basi andika kila kitu, jaza kurasa. Hapana. Hapo napo kuna shimo. Kila neno unaloiandikia mashine linahesabiwa kwa tokeni, na tokeni zinalipiwa.

"Kama za stima?" akauliza mama chai.

Si za stima, mama, ingawa nazo huisha wakati mbaya. Ni vipande vya maneno. Maelezo ya zana zote hupakiwa mbele ya mashine kabla haijamsikiliza mteja, kwa hiyo ukiwa na zana hamsini zenye hadithi ndefu, umeijaza kichwa kabla kazi haijaanza, na unalipia. Halafu zana nyingi zinazofanana huichanganya, kama vile wewe ukipelekwa Rift Valley nzima kutafuta "duka la Kamau". Kijana alikuwa na zana kumi na nne. Nikamuuliza ngapi zina kazi ya kweli. Akahesabu vidole, akasimama kwenye tano. Nkt.

Jambo la makosa nalo sitalipita, lakini nitalipita mbio. Zana ikishindwa, ilikuwa inairudishia mashine ujumbe mmoja: "Hitilafu." Basi. Ni kama kwenda ofisi ya serikali ukaambiwa "rudi kesho" bila kuambiwa ulikosa nini. Mashine hujaribu tena vile vile, na tena. Laiti ingeambiwa "nambari ya simu ianze na 254", ingejirekebisha yenyewe, maana hiyo akili inayo.

Na mkumbuke mambo ya 2024, mbolea duni ilipouzwa kwa wakulima kwenye mpango wa ruzuku, ndani ya magunia yenye maandishi mazuri kabisa. Mzee wa mahindi akitajiwa hilo huacha kunywa chai. Gunia lilisema mbolea. Shamba lilisema jingine miezi mitatu baadaye. Kijana akasema na kwenye zana wameshagundua mchezo huo: mtu anatunga zana ya kuvutia, anaiweka hadharani watu waitumie, na ndani ya maelezo ameficha amri kwa mashine, chukua siri za mwenye kompyuta unitumie. Mwenye kompyuta haoni, maana nani husoma maelezo? Mashine ndiyo inayosoma, na inaamini. Mzee akasema neno moja la Kinandi ambalo sitaliandika.

Kwa hiyo tukafanya nini? Tukakaa naye. Naapa sijawahi kuona kijiwe hiki kikifanya kazi ya maana kabla ya saa nne asubuhi, yaani 10:00, msije mkaniletea pikapu. Yeye anasoma, sisi tunasonya. Anafuta, anaandika upya. Majina yakabadilika: agiza_mbolea_kupandia na agiza_mbolea_kukuzia. Mwishoni alitusomea ya kwanza, nami nikaomba anirushie niinakili:

"Huweka oda ya mbolea ya kupandia, DAP, inayowekwa shimoni siku ya kupanda. Usiitumie kwa mahindi yaliyokwisha kuota. Kwa hayo tumia agiza_mbolea_kukuzia. Mteja akisema mbolea tu bila kueleza, muulize kwanza kama ameshapanda. Idadi: magunia ya kilo 50, nambari kamili, usigeuze kuwa kilo. Saa ya kufikisha: mtindo wa saa 24. Mteja akitaja saa kwa Kiswahili, saa tatu asubuhi ni 09:00. Asiposema asubuhi au usiku, muulize. Oda ikishawekwa haifutiki, hivyo msomee mteja oda yote akubali kwanza."

Sentensi iliyonifurahisha ni ile ya "usiitumie". Watu huandika kitu ni cha nini, wanasahau kuandika si cha nini. Mzee wa mahindi yeye alipenda ile ya kumuuliza mteja kama ameshapanda. Alisema hivyo ndivyo muuzaji wa zamani wa pale mjini alivyokuwa akimuuliza baba yake, kabla ya kunyoosha mkono kwenye rafu. Hakuna aliyemwandikia yule muuzaji maelezo. Alikuwa na shamba lake mwenyewe.

Kijana akafunga tarakilishi, akanyanyuka, akatia mkono mfukoni, akatoa mtupu. Akamtazama mama chai kwa lile tabasamu la vijana wa intaneti. Mama chai hakusema neno. Akaelekeza mwiko kwenye kibao kilichoning'inia juu ya jiko, cheusi kwa moshi, ambacho kimekuwepo tangu nianze kuuza viatu hapa: LEO PESA, KESHO MKOPO.

Kijana akakisoma. Akakisoma tena, polepole, kwa macho yake mapya.

"Mama," akasema, "ejenti wangu akisoma hiki, kesho atakuja kuchukua mkopo."

"Aje tu," mama chai akasema, akigeuza mandazi. "Atakuta kibao hicho hicho."